Jile ya Thelathini na Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Wilaya ya Kicukiro, Kigali
Jumatatu, tarehe 17 Machi 2025, saa 3:10 asubuhi

Jina: Rashidi Mugabo
Umri: Miaka 52
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Biryogo

Nafahamu kwamba natakiwa kueleza nilichokiona na kukisikia mwenyewe. Afisa amenikumbusha hilo mara mbili kabla hajaandika chochote, kwa sababu nilianza na matusi.

Mnamo tarehe 2 Machi, siku ya Jumapili, saa 8 mchana, nilihudhuria mkutano wa klabu ya wasimamizi wa kujitolea wa mashindano ya magari. Hao ni watu wanaosimama kwenye kona na bendera na filimbi ili magari ya mbio yasiue mtu. Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kukodi jirani na makutano ya barabara ya Sonatubes. Nilikwenda kwa sababu mwenyekiti, Bwana Oswald Munyakazi, alitaka niwapime wanachama wapya jile, yaani vile vizibao vinavyong'aa ambavyo hapa Kigali kila mwenye shughuli barabarani huvaa.

Bwana Munyakazi alizungumza saa nzima juu ya faida za kujiunga. Alisema mwanachama atapata jile, kofia, cheti chenye muhuri na marafiki, na atayaona magari kwa karibu kuliko mtu yeyote. Alisema pia kwamba siku ya mashindano kutakuwa na chakula cha mchana cha bure. Ilikuwa Ramadhani, na nusu ya watu waliokaa mle ndani tulikuwa tumefunga. Huyo ndiye mwenyekiti. Mafunzo ya usalama aliyataja mwishoni, akiwa tayari anakusanya makaratasi yake. Namdharau mtu huyu na naomba iandikwe hivyo. Afisa amesema ataandika.

Watu zaidi ya arobaini walipiga makofi. Waliohudhuria mafunzo ya tarehe 8 na 9 walikuwa kumi na wawili. Najua idadi hiyo kwa sababu nilishona jile kumi na mbili, nikaweka neno MSIMAMIZI mgongoni kwa herufi nyekundu. Mmoja wa hao kumi na wawili ni Ariane Uwase, msichana wa miaka 24 anayeuza katika duka la dawa. Alipokuja kuchukua yake aliniambia, "Muzee, wametufundisha kufunga mguu yenye imevunjika. Na kitu ya kwanza, usigeuzie barabara mgongo." Nilimcheka. Nilimwuliza kama siku mbili zote walifundishwa kusimama.

Tarehe 11 Machi, saa 4 asubuhi, Bwana Munyakazi alikuja dukani kwangu na kuagiza jile ishirini zaidi, za watu ambao hawakuhudhuria mafunzo. Nilimwuliza za nini. Alisema, "Fundi, jile ndiyo faida yenyewe. Bila jile nani atajiunga?" Alisema amekwishatoa agizo kwamba mwenye jile asizuiwe kwenye utepe unaowatenga watazamaji na barabara. Nilimwona mpumbavu, na nilimwambia hivyo mke wangu siku hiyo hiyo. Nilizishona zote ishirini.

Mnamo tarehe 15 Machi, siku ya Jumamosi, saa 4:30 asubuhi, nilifika Masaka, mahali ambapo barabara ya udongo inapinda kushoto kati ya mashamba ya migomba. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Watu wa kawaida walikuwa nyuma ya utepe, juu ya kingo. Mimi nilipita chini ya utepe na hakuna aliyeniuliza, nikaenda kusimama upande wa nje wa kona, ambako gari huonekana vizuri zaidi. Uwase alikuwa kwenye ukingo na bendera yake, yapata hatua nne kutoka kwangu. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kona ile. Mwenzake, Thomas, alikuwa upande wa pili na redio ya mawasiliano.

Saa 5:20 Uwase aliniambia, "Muzee, hapo hapana! Gari ikiteleza inakuja kwako." Nilijiambia kwamba mtoto amepewa filimbi ya siku mbili na sasa anaamrisha watu wazima. Saa 5:22 alipiga filimbi na kupaza sauti, "Toka, gari iko inakuja!" Nilimjibu, "Niko na jile, binti. Soma hapa." Nikageuka ili aone maandishi. Kwa hiyo gari lilipoingia kwenye kona mimi nilikuwa nimeipa barabara mgongo.

Sikuliona gari. Nilisikia injini, kisha nikasukumwa mgongoni kwa mikono miwili, nikaangukia kwenye migomba. Niliponyanyua kichwa, Uwase alikuwa chini kwenye tope na mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti. Sehemu ya nyuma ya gari ndiyo iliyompiga. Hakulia. Alimwambia Thomas, "Simamisha yenye inafuata." Thomas aliita kwa redio na kupunga bendera, na gari la pili likasimama kabla ya kona. Kisha wenzake wawili wakamfunga mguu kwa vibao, naye amelala pale akiwaelekeza wapi wakaze. Mimi nilisimama tu. Sikujua hata pa kuweka mikono.

Saa 5:40 Bwana Munyakazi alifika. Kabla ya kumtazama Uwase, alinijia mimi akasema, "Vua hiyo haraka." Nilivua. Aliikunja na kuiweka kwenye gari lake.

Jana mwanachama mmoja alinisomea nakala ya barua ambayo klabu imewaletea polisi. Inasema Uwase aliacha nafasi yake bila ruhusa na kusababisha ajali kwa uzembe. Inasema pia kwamba jile zilizotolewa ni thelathini na mbili, na kwamba hapakuwa na mtu asiyeruhusiwa ndani ya utepe. Nimeambiwa msichana huyo anaweza kushtakiwa akiwa bado hospitalini.

Kuhusu jile, klabu imehesabu sawasawa. Zilikuwa thelathini na mbili. Ya thelathini na tatu niliishona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki, kwa kipimo changu, bila mtu kuniagiza. Nilimcheka Munyakazi mbele ya mke wangu, kisha nikakaa kwenye cherehani nikajishonea faida yake. Na ni kweli kwamba Uwase aliacha nafasi yake. Aliiacha hatua nne, kuja kunitoa mimi.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali, na natia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi: R. Mugabo

Maelezo ya afisa: Shahidi huyu hakuitwa, alifika mwenyewe na kunikuta nafungua ofisi. Amekabidhi kipande cha kitambaa cha kung'aa na herufi moja nyekundu, M, aliyosema aliikata vibaya alipojishonea jile yake, akakata nyingine. Nilimweleza kwamba maelezo haya yanaweza kutumika dhidi yake. Alijibu kwamba ndicho kilichomleta.

Afisa Hakizimana, saa 4:25 asubuhi