Dhahabu, Mume Wangu wa Miezi Mitano

Kitendawili, Dhahabu! Ungekuwa na ulimi ungesema tega. Nafua kila siku, doa silioni.

Ni mwaka mmoja leo tangu utuache kwenye kitanda cha chuma, wodi ya watoto, jino lako la kwanza ndiyo kwanza linachungulia.

Mume wangu, ulikuwa mpole kupita kiasi. Kazi yako ilikuwa moja, kuning'ang'ania sikio mpaka usingizi ukuchukue. Cherehani ya baba yako ikilia unanyamaza, ikinyamaza unalia. Babu yako akilalamika, "Huyu bwana ananinyang'anya mke mchana kweupe," unamcheka mpaka kwikwi inakushika.

Jina la Dhahabu nilikupa mimi. Ulikuwa wa njano mpaka ndani ya macho, nami nikakutembeza kwa majirani kama kidani kipya. Mama yako alikuwa amerudi kazini. Kila jioni ananiuliza, "Mama, huyu mtoto si tumpeleke hospitali?" Namjibu, "Nimelea saba, leo nifundishwe na mwenye mmoja? Jua la asubuhi litamtosha."

Tulikupeleka una miezi minne, tumbo limewambwa kama ngoma. Daktari wa upasuaji hakutuficha: mirija ya nyongo imeziba, ini limeanza kuwa gumu. "Angeletwa kabla ya miezi miwili, ningekuwa na la kuwaambia." Alikata mirija ile mibovu, akaunga utumbo kwenye ini ili nyongo ipate njia. Nyongo haikupita. Kidonda chako kilipona vizuri, mume wangu. Wewe hukupona.

"Dalili ni choo," alisema daktari. "Hakuna aliyekitazama?"

Pale kwenye korido mama yako akanigeukia. "Mama, nepi ulikuwa unafua wewe. Choo chake kilikuwa rangi gani?"

Nikainama kutafuta kiatu, na viatu nimevaa vyote viwili.

Hajauliza tena. Ananiamkia, ananimiminia chai, kisha anakwenda kuketi chumba kingine.

Unakumbukwa na baba yako fundi cherehani, babu yako uliyemshinda, shangazi zako wanne, mimi bibi yako, na mama yako, ambaye tangazo hili atalisoma akiwa kazini. Hutatutoka moyoni, daima.

Mkwe wangu, kilikuwa cheupe kama chaki. Nilikiona tangu wiki ya tano, nikafurahi kwamba nepi zinatakata upesi.