Njia ya Iguguno

Jumatatu, 5 Juni 1972
Uji nimeupika mwenyewe tena. Umeungua. Baada ya gwaride Mwalimu Mkuu amenikabidhi safari ya darasa la saba: wiki nzima kwa miguu likizo hii, watoto wajue milima na ndege wa nchi yao. Nichague pa kwenda, Mlima Hanang au Ziwa Kitangiri. Watoto wanataka Kitangiri, wakaone ndege wale wekundu, heroe. Njia ya Kitangiri inapita Iguguno, kwa wakwe zangu. Basi ni Hanang.

Jumatano, 7 Juni
Niandike, hapa hakuna anayesoma. Mke wangu Raheli hakwenda kwao Iguguno kumuuguza mama yake, kama nilivyowaambia shuleni. Mama yake ni mzima. Alikwenda kwa sababu nilimwaga nje ugali wake wa uwele mbele ya wageni wangu wa mjini, nikasema chakula cha kwao hakiliwi na watu waliosoma. Mbwa wakala. Na mimi nimekuzwa kwa uwele huo huo!

Desturi naijua. Mume aende na mzee wa ukoo, akaseme kosa kwa kinywa chake mbele ya wakwe. Huu ni mwezi wa tatu tangu aondoke, sijaenda. Shuleni wote wananipa pole ya mkwe mgonjwa. Naitikia.

Ijumaa, 9 Juni
Kikao cha walimu. Nikasema njia ya Kitangiri haina maji. Mwalimu Petro, Mnyiramba wa huko huko, akacheka mpaka akashika mbavu. Visima vyote anavijua. Kisha akaongeza lake: tulale Iguguno, tumjulie hali mkwe wa mwenzetu. Mwalimu Mkuu akaafiki papo hapo. Nilitaka kusema. Nikaitikia.

Jumapili, 11 Juni
Watoto wanakusanya karanga na mayai ya mgonjwa. Mmoja kaleta kuku kutoka kwa mama yake. Natamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 12 Juni
Nimesema nimeteguka goti. Nimechechemea tangu alfajiri. Petro kawachukua watoto, wakapita mbele ya nyumba yangu wakiimba. Nilikuwa ndani, mlango nimefunga. Mwoga mimi.

Alhamisi, 15 Juni
Watakuwa wameshapita Iguguno. Petro anajua kila kitu sasa. Leo nimejikuta nachechemea peke yangu jikoni, hakuna hata wa kumdanganya. Nitaomba uhamisho. Popote.

Jumapili, 18 Juni
Wamerudi, wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Habari zao ni heroe tu, ziwa zima jekundu.

Petro akanifuata nyumbani. Nikajiandaa kutukanwa. Anasema walimkuta mama mkwe anatwanga uani, mikono ina nguvu kuliko ya kwake. Watoto wakajipanga. "Shikamoo mama. Pole na ugonjwa." Nilifumba macho aliposimulia hapo. Mama akalaza mchi chini, akakaa, akapokea kuku kwa mikono miwili.

"Ahsanteni wanangu. Niliugua kweli. Sasa nimepona."

Baba mkwe akaitikia kwamba ni kweli, amepona. Raheli alikuwapo. Aliwapikia watoto wote. Petro hakushuku chochote, anamsifu mama kwa kupata nafuu haraka. Tena ana salamu zangu kutoka kwake: "Mwambie mkwe wangu nimepona. Hana tena cha kumchelewesha."

Petro alipotoka nimelia. Mama mtu mzima ameongopa mbele ya watoto ili mimi nisiaibike. Nisiaibike! Sijawahi kuaibika hivi tangu nizaliwe.

Jumatano, 21 Juni
Iguguno. Nimekuja na baba mdogo. Tulikaa nje ya ua mpaka tukaitwa, ndivyo inavyotakiwa. Baba mdogo akafungua maneno, kisha akaniachia. Nimesema yote, sikupunguza. Mama mkwe alikuwa ndani anasikia, kwa desturi hatuonani naye uso kwa uso. Raheli alisimama mlangoni mpaka nikamaliza, akageuka akaingia.

Baba mkwe akasema, "Amesikia. Atajibu akiwa tayari."

Tumepewa pa kulala kwa jirani. Baba mdogo ameshasinzia. Sijui Raheli atajibu nini, na sina haki ya kumharakisha. Nangoja.