Filamu Uliyonizikia

Baba Kalista, popote ulipojificha,

Wapambe wako wawili walikuja juzi kwenye mashine yangu ya kusaga. Waliniamkia kwa heshima ambayo hawakuwa nayo siku ile ya kuonyesha filamu ukumbini, wakasema umewatuma. Unataka nisimame mbele ya watu niseme filamu ya maisha yako ni hadithi ya kutunga tu, nawe utaikata upya na kunitia humo nikiwa hai. Nimewaambia warudi, jibu nitaliandika mwenyewe na kulibandika mahali ambapo kila mtu atalisoma. Ndilo hili.

Nianze na haki yako. Filamu ni nzuri. Fedha ulizomwaga zinaonekana. Wale wapiga picha uliowaleta kutoka nje wameichukua Ufipa kutoka angani kwa helikopta, na mimi niliyezaliwa Mpui sikujua kwetu kunapendeza vile: ukungu umelala mabondeni, upepo unalaza nyasi upande mmoja, ng'ombe wa Wasukuma wanashuka taratibu kuelekea bondeni Rukwa. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Na yule kijana aliyeigiza nafasi yako alikupatia sawasawa. Kila anapotaka kusema uongo anajivuta sikio. Sijui nani alimfundisha. Nilidhani siri hiyo tunaijua mama yako na mimi tu.

Alipofika Mpui kutafuta mahindi na kumwamkia baba yangu kwa Kifipa cha kuvunjika, roho yangu ililegea, nakiri. Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa ndiyo kwanza serikali imeruhusu kila mtu auze mahindi yake anakotaka, na wewe, mtoto wa karani kutoka Mbeya, ulikuja na baiskeli ya kuazima na maneno mengi. Baba, katekista wa kijiji, alikupa kiti na ugali wa ulezi. Nilipokuletea maji ya kunawa ukaninong'oneza, "Dada, nifundishe kusema asante." Nikakufundisha neno lingine kabisa. Ukalisema mbele ya wazee, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Ulininunia mchana kutwa, kisha na wewe ukacheka. Mavuno yaliyofuata tukafunga ndoa parokiani.

Sasa ubovu wake.

Barabara ya Kasesya, ile iendayo mpaka wa Zambia, lori limezama topeni, mvua inapiga, nawe peke yako unabeba magunia mgongoni huku muziki unalia. Mvua ya kumwagwa na gari la maji! Nyuma yako nyasi zimekauka njano na moshi wa mashamba yaliyochomwa unapaa. Mkulima yeyote wa Chala angekwambia hiyo si masika. Siku yenyewe unaikumbuka vizuri kuliko unavyojifanya. Nilikuwa na mimba ya Kalista. Mimi na dereva ndio tuliokata matawi na kuyatandika chini ya matairi, mimi ndiye niliyesukuma mpaka tope likaniingia mdomoni. Wewe ulikuwa na homa, umejikunja ndani ya lori unatetemeka, na nikakufunika kanga yangu iliyobaki kavu. Ukanishika mkono ukasema, "Siku nikija kuwa mtu, dunia itajua ni kwa sababu yako." Mpakani mimi ndiye niliyepatana na wanunuzi kutoka Zambia. Wewe ulikuwa umelala juu ya magunia.

Hilo ningekusamehe. Wanaume wengi hukumbuka migongo yao tu.

Lakini ukaniua. Katikati ya filamu, yule msichana mwembamba uliyempa jina langu akaanza kukohoa. Na aliyemroga ni nani? Baba yangu! Mtu aliyeongoza ibada ya Jumapili kila padri aliposhindwa kufika, ukamvika ngozi, ukamshikisha pembe, ukamfanya amle mwanawe kwa kuonea wivu mali ya mkwe. Ulijua unachokifanya. Watu wa Dar wakisikia Sumbawanga hawaulizi mara mbili. Baba yuko kaburini, hawezi kujitetea. Lakini ndugu zangu bado wanaishi Mpui, na unajua mtu aliyepakwa jina la uchawi anavyoweza kuishia.

Mazishi yangu yalikuwa mazuri, sikatai. Jeneza linang'aa, kwaya inaimba, nawe umepiga magoti kwenye udongo unalia. Wageni wako wa kutoka Dar walitoa leso. Wenyeji wakaanza kugeuza shingo, mmoja mmoja, kunitazama pale nilipokaa, benchi la nyuma karibu na mlango. Hukujua kama nipo. Mama yako alikuwa amekudanganya, ili usinisumbue, kwamba nimehamia Zambia kwa shangazi, na wapambe wako wakakwambia watu wa huku husahau upesi wakinyweshwa soda. Ulikuwa unautaka ubunge, ukaamini vyote viwili.

Nilijisemea, acha anizike, alishanizika zamani. Alinizika aliposema anakwenda Dar kufungua duka, atatuchukua baada ya mavuno, tukavuna na kuvuna tena bila hata barua yake.

Ndipo Kalista akanivuta mkono. Alikuwa amevaa sketi yake ya shule, ameipiga pasi mwenyewe tangu asubuhi, kwa sababu alitaka baba yake amwone amependeza.

"Mama," akasema, "mbona mimi sipo?"

"Subiri. Labda utakuja mbele."

Akasubiri. Filamu ikaenda Dar, ikaonyesha duka, ikaonyesha maghala, ikaonyesha gari jipya likioshwa. Ikaishia kanisani, kengele zinalia, mgane aliyefiwa na mke bila kuachiwa mtoto amepata faraja kwa mke wa pili. Mapazia ya ukumbi yakafunguliwa, mwanga ukaingia. Kalista alikuwa bado anakitazama kile kitambaa cheupe, kana kwamba kuna kitu kitatokea.

Ni hapo, Baba Kalista. Kufa kwangu ningekuvumilia.

Mshereheshaji akauliza kama kuna mwenye swali kwa mheshimiwa mtarajiwa. Nikasimama.

"Mimi ndiye marehemu," nikasema. "Naomba kuuliza nilikufa kwa ugonjwa gani, maana leo asubuhi nimekunywa uji."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nilikuona ukilishika sikio lako. Ukasema kwenye kipaza sauti, taratibu, kwa ile sauti yako ya huruma, "Mama huyu amechanganyikiwa. Vijana, msaidieni atoke nje."

Vijana wakaanza kuja. Ndipo mama yako akainuka kutoka kiti cha mbele ulichomwekea kitambaa. Akageuka akawatazama wale vijana, wakasimama walipo.

"Huyo ni mkwe wangu," akasema. "Na yule pale ni mjukuu wangu. Wewe mwenye kipaza sauti ndiwe nisiyekujua."

Hakuna aliyecheka tena. Yule mwenzangu uliyemwoa Dar alikuwa kando ya mama yako. Alimtazama Kalista kwa muda mrefu. Pua ni yako, paji la uso ni lako, hakuhitaji kuelezwa. Akakugeukia akakwambia, "Ulimwapia padri kwamba huna mke. Ulishika msalaba." Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwako, kila mtu akasikia. Akachukua mkoba wake akatoka. Alifikia kwa mama yako hapa mjini, nami nikampelekea maharage na mboga. Tulikula sahani moja.

Unataka kujua kama nilifurahi? Nilifurahi sana. Nilifurahi jina lako lilipokatwa kwenye kura za maoni. Nilifurahi zaidi tulipokwenda wawili kwa wakubwa wa kanisa, mimi na cheti changu cha ndoa, yeye na cha kwake, tukavilaza sambamba mezani. Padri amenisihi nikusamehe. Nimemjibu nitasamehe, Padri, lakini niache kwanza nishibe.

Wala sijashiba. Kanda ya filamu yako ilibaki mjini, na sasa inaonyeshwa kwenye banda la video karibu na soko. Watu wanarudia sehemu moja tu, mazishi yangu. Ukianza kulia, banda zima linashangilia. Nikipita sokoni wauza dagaa wananiita, "Shikamoo, marehemu!" nami naitikia marahaba na kuwauliza wamelalaje. Kicheko chao nakisikia mpaka mashineni.

Kwa hiyo usiikate upya. Usiniongeze, usinifufue. Ukinitia humo nikiwa hai utaonekana mtu mwema aliyesahihisha kosa, na wewe si mtu mwema. Iache kama ulivyoitengeneza, na helikopta yako na mvua yako ya kununua, wajukuu wa watu waje waione.

Jambo moja tu nalidai. Nenda Mpui. Usiende na wapambe wala kamera. Simama penye kaburi la baba yangu, uwaambie wanakijiji kwa Kiswahili, maana Kifipa kilikushinda, kwamba mzee yule hakumroga mtu na kwamba alikulisha ukiwa na njaa. Usipokwenda, mimi nitawapelekea ile kanda ndugu zangu, pamoja na anwani yako waliyoniachia wapambe wako.

Kuhusu Kalista, usitume zawadi. Ile ya kwanza aliirudisha bila kuifungua. Wiki iliyopita mwalimu wake mpya alikuwa anaandikisha wanafunzi upya, akamwuliza baba yake yuko wapi.

"Alifariki," Kalista akajibu.

"Pole sana, mwanangu. Alifariki lini?"

"Siku tulipokwenda kumtazama kwenye filamu."

Mwalimu aliniita kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, tena msiba tumeshaumaliza.

Ulale pema,

Mkeo wa ndoa, mzima wa afya,
Mama Kalista,
Sumbawanga.