Amplifaya Niliyoivika Kanga

Hamisi, mume wangu uliyenikimbia ukaenda Mwanza,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sie wazima. Babu yako magoti yanamsumbua, ulimi hata kidogo.

Unaniuliza ununulie gitaa lako amplifaya ya valvu, zile taa za vioo, au hiyo ya kidijitali inayoiga sauti za amplifaya zote. Sikusoma, lakini miye nimeimba taarabu na ya valvu kabla mamako hajazaliwa. Tamu, sibishi. Siku moja harusini, hapa Makorora, niliiona imechakaa, nikaivika kanga mpya ipendeze. Ikakosa hewa, ikaungua katikati ya wimbo. Mpiga gitaa wetu, Zuhura, akanifokea: "We Mwanaidi, umeikafini!" Tukaazima kidude cha betri, kinalia kama mbu. Zuhura akapiga vilevile, na mama wa bibi harusi akainuka kucheza.

Wewe mwaka mzima unakataa kupiga kwenye harusi za watu eti hujachagua amplifaya! Nunua ya kidijitali, nyepesi, utaibeba mwenyewe. Ya valvu utainunua ukishajulikana. Jumamosi umealikwa kupiga, nenda. Wakikuzomea, bora wakuzomee jukwaani kuliko kujificha chumbani. Lakini hawatakuzomea. Vidole vyako navijua.

Bibi yako,
Mwanaidi