Shikamoo ya Mwanahawa

Zakia! Mwanahawa jirani yangu amefariki. Shikamoo ndiyo imemmaliza. Shikamoo, Zakia!

Aliteleza shambani, panga likamchana paja. Damu ikamwagika, akapauka, akawa wa baridi, jasho tele. Nikalifunga jeraha kwa nguvu, nikamlaza chali, miguu juu ya gunia la kabichi ili damu irudi moyoni, kama tulivyofundishwa kwenye ile semina ya huduma ya kwanza ya Mombo. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa njiani!

Mara akatokea baba mkwe wake. Nikapiga kelele, "Baba, usije huku!" Akaja.

Mkamwana atalalaje miguu juu mbele ya mkwewe? Nikamkandamiza chini, akanisukuma: "Niache, baba huyo." Akaketi, akavuta kanga. "Shikamoo baba." Akaanguka hapo hapo.

Mzee yuko pembeni ya maiti. Mpaka sasa anaitika marahaba.