Usimpe Mtu Kigoda Changu

Mjukuu wangu Sadiki,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Goweko tu wazima. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, ila kwa hii korona bado hatujaenda kumbeba.

Tangu uniulize kama umwachishe kazi fundi wako anayekohoa, kwa kuwa wenzake wanaogopa kushona naye chumba kimoja, moyo wangu haujatulia. Habari za sheria na likizo ya ugonjwa kamuulize afisa kazi, tena leo. Mimi nina hili tu.

Ujanani nilisimamia banda la kuchambua tumbaku. Kila mama alikuwa na kigoda chake, na asiyefika siku moja alikuta nimeshamkalisha mwingine. Nikajiona hodari. Mwaka wa kipindupindu, mmoja wao, Mwanne, akaja anatetemeka.

"Ni malaria tu, dada," akaniambia. "Kazi naiweza."

Nikamwacha. Mchana tukanawa beseni moja, tukala sinia moja, kama kawaida yetu.

Yaliyofuata sitayaandika. Ila watu wa hospitali walipokuja kumbeba, alinishika mkono akasema, "Usimpe mtu kigoda changu."

Aliniogopa mimi kuliko kipindupindu, Sadiki.

Fundi wako anakohoa mbele yako, hajifichi. Mpumzishe nyumbani, cherehani yake imngoje. Ukimfukuza, wenzake watajifunza kumeza kikohozi, na wewe utapita katikati yao ukidhani wote ni wazima.

Nipigie ukishaamua. Nakaa na simu mapajani.

Bibi yako