Kabla hujawasha programu mpya ya hospitali

Binti yangu,

Kila kitu kiliharibika Jumatatu ile hospitali ilipobadilisha programu. Wakubwa walikuwa ukumbini wanakata keki ya uzinduzi, mama yako kakaa kwenye benchi akisubiri majibu ya damu ambayo programu mpya haikuyaona. Jioni nilirudi na viatu vyake tu.

Chai iko kwenye chupa. Bomba la jikoni linavuja, usiondoe ndoo.

Leo asubuhi nilikuita "mkubwa mwenzao", ukaacha mkate wako mezani. Ulisema toleo hili limejaribiwa, na wewe ndiye wa kuamua liwashwe lini. Hata lile walisema limejaribiwa. Walijaribu wao, wakiwa wazima.

~~Usiliwashe kabisa.~~ Hapana, la zamani nalo linakwama, najua. Liwashe, ila si Jumatatu, foleni ikiwa imefika getini. Na la zamani lisizimwe siku hiyohiyo. Wakikuharakisha kwa ajili ya keki yao, waambie wangoje.

Anua nguo, mvua inakuja. Mkate nimekufunikia.

Lakini niambie: jipya likigoma, nani atainuka kitini aende kwenye benchi kumuuliza mgonjwa?

Baba yako